Askari Anayeweza Kukaa

Jumanne, Machi 4

Mvua imeingia leo bila kubisha hodi, na paa letu, ambalo nililiziba kwa mikono yangu na kulisifia mtaa mzima, limevuja. Sisemi nililiziba vibaya. Nasema mvua ilikuja na kiburi.

Naandika kwa sababu mvua ikinyesha hakuna mteja, na kichwa kama changu kikikaa bure kinaota kutu. Daftari kanipa Shemeji, mke wa kaka yangu. "Shule uliitoroka," kasema, "basi angalau mwandiko usikutoroke." Yeye ni karani wa kliniki, anajiona. Nikamjibu kwamba mimi na shule tuliachana kwa maelewano.

Shangazi anauza vitu vya kuchezea vya mitumba pale sokoni. Vinakuja kwenye marobota, vimebanwa kama abiria wa bure. Mimi ndiye ninayepasua robota na kuchambua: wanyama huku, magari kule, wanasesere pembeni, na askari mbele yangu. Kwenye askari hakuna wa kunigusa. Ndiyo maana naitwa Jenerali. Jina nilijipa mwenyewe, lakini wengine wamelikubali.

Jumatano, Machi 5

Maji ya jana yaliteremka ukutani hadi kwenye picha ya Kaka. Sare imebaki, kofia imebaki, uso umekuwa doa jeupe kama maziwa yaliyomwagika. Hatuna nyingine. Zilizokuwa kwenye simu ya Shemeji ziliondoka na mwizi pamoja na simu yenyewe.

Kaka ni mwanajeshi. Alimuacha binti yake anatambaa. Sasa binti anakimbia, anajibu watu wazima, na ana pengo alilolipata siku aliponifukuza akajikwaa, ndipo tukamwita Kijino. Huko aliko Kaka simu hazishiki, akipiga ni kwa bahati. Kwa hiyo Shemeji alimfundisha mtoto kuisalimia picha kila asubuhi. Anapanda kigoda, "Shikamoo Baba," na mimi nyuma ya pazia ninapolala naitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Kaka mwenyewe hana sauti nzuri namna hiyo.

Leo kapanda kigoda, kaangalia, mdomo ukampinda. Kisha kauliza, "Baba kaenda wapi?"

 Mama yetu, ambaye hulalamikia hata chumvi kwa kuwa nyeupe, akarudi jikoni kwake. Shemeji alitoka nje na mvua ile bila kitu kichwani. Nilipomfuata akasema, "Naogopa jambo moja tu. Baba yake arudi, mtoto asimjue."

"Shem, ondoa shaka," nikamwambia. "Una Jenerali ndani ya nyumba. Nitamchagulia askari mmoja safi, tutasema ndiye Baba, mpaka mwenyewe arudi."

Aliniangalia kama anayepima dawa. Kisha akasema, "Haya."

Ijumaa, Machi 7

Mvua. Robota halijafika. Breki, msukuma mkokoteni wetu, anasema barabara imekuwa uji. Tunamwita Breki kwa sababu hana, si kwenye mkokoteni wala mdomoni.

Jumatatu, Machi 10

Robota limefika, limelowa upande mmoja. Nimepata askari wengi. Breki akasema, "Zoa wote, mpe mtoto jeshi zima."

Ndivyo wanavyofanya wasiojua. Kijino ana mji wake juu ya ubao chini ya dirisha: bata mwenye magurudumu, ng'ombe wa pembe moja, mpishi na mwiko wake, dereva aliyekaa kwenye kiti bila basi, na lori. Kila kitu kimoja kimoja. Ukimletea bata wa pili anakurudishia, anasema, "Nafasi yake ina mtu." Sasa mji wa namna hiyo ukiutia askari kumi, si mji tena, ni balaa. Anatakiwa mmoja, wa kimo cha wenzake, asimame bila kushikwa. Na uso. Uso ndio kila kitu. Askari wengi wa plastiki wamechorwa kama wameumwa na nyuki.

Jumatano, Machi 12

Nimempelekea wa kwanza, yule anayelenga akiwa amelala kifudifudi. Kazi nzuri ya kiwanda, hata kamba za viatu zinaonekana. Kijino kamgeuza mara mbili.

"Baba anaumwa tumbo?"

Nimemrudisha mezani.

Ijumaa, Machi 14

Wa pili kasimama wima, bunduki imegandishwa kifuani, haitoki. Kijino kauliza, "Atashikaje kijiko?" Naye nikamrudisha mezani. Jenerali kashindwa na kijiko.

Jumanne, Machi 18

Wa tatu nilimpenda mwenyewe. Kifua kama kabati, mikono inazunguka. Nikamweka mjini, mpishi akamfika gotini, ng'ombe akawa kama paka wake. Kijino akamficha bata.

"Ni mzuri," Shemeji akasema, "lakini kama vile amekuja kuwahamisha watu."

Mama akasema kutoka jikoni, "Mtu aliye hai hachezewi sanamu. Mnamwitia mkosi." Mama husema hivyo hata ukipiga mluzi, basi hakuna aliyegeuka.

Ijumaa, Machi 21

Nimempata. Alikuwa ndani ya soksi ya mtoto, chini kabisa ya robota. Kofia ya kijani, kimo cha mpishi, kiganja wazi maana bunduki yake ilishapotea njiani. Ana tabasamu dogo, si la kuonyesha meno, la mtu aliyesikia anaitwa kula. Na magoti yanakunjika. Nikamkalisha ukingoni mwa meza. Akakaa. Nimechambua askari misimu mingi, wanaokimbia, wanaolenga, wanaotambaa. Anayekaa sijawahi kumuona.

Shangazi akasema, "Unamwangalia kama umepata mchumba."

Jumamosi, Machi 22

Kijino kamshusha dereva kwenye kiti chake, kamkalisha askari, kamsogezea mpishi. Karudi nyuma hatua, kaangalia mji mzima. Kisha kasema, "Shikamoo Baba."

Nikakimbilia nyuma ya pazia nusura nivunje shingo. "Marahaba, mwanangu. Nimechoka na safari. Huyu mpishi ana nini leo?"

Kijino kacheka mpaka kakaa chini. Shemeji kacheka. Hata Mama mabega yalimtikisika, ingawa kageukia ukutani. Nani kaileta furaha hii? Sisemi. Nauliza tu.

Jumapili, Machi 30

Baba wa plastiki ana amri kuliko sisi wote. "Kijino, umenawa?" Kanawa. "Kijino, maliza chakula." Kamaliza. Namfanya mkali kidogo na mcheshi sana. Anajua hadithi za kambini, anakoroma kama lori, anamtania Mama kuhusu chumvi. Nikiwa nachambua mitumba nakaa kutunga atakachosema jioni.

Alhamisi, Aprili 3

Leo nilirudi mapema, nikamkuta Shemeji anapiga pasi mbele ya ubao. Anaongea chini chini. Anamweleza yule askari habari za kliniki, bosi wake, na maumivu ya mgongo. Nikajikohoza mlangoni. Hakuona aibu. "Anasikiliza kuliko wengine," kasema, akaendelea na pasi. Nilikuwa namuona mwanamke wa kujisikia. Kumbe hana pa kuongelea.

Jumatano, Aprili 9

Kaka kapiga. Sauti inakuja na kukatika kama maji ya bomba. Shemeji kaongea kidogo, kampa Kijino simu.

"Msalimie Baba."

Kijino kaishika simu mbali na sikio. "Baba yuko hapa," kamwambia. "Anakula." Kairudisha kwa mama yake.

Shemeji akacheka, akamweleza Kaka yote: picha, paa, askari. Kaka naye akacheka, nilimsikia. Akasema, "Mwambie huyo askari anibakishie." Kisha ikakatika. Mama akawa anatuangalia mmoja mmoja. Nikamwambia, "Mama, hata mwenyewe kacheka." Akasema, "Nilisikia alivyocheka."

Jumanne, Aprili 15

Mvua haikati. Mtaani wanasema huko mpakani aliko Kaka mambo yamechacha. Breki kashusha robota bila neno moja la utani, nami sikupenda. Jioni Baba wa plastiki kasimulia hadithi ya bata aliyepandishwa cheo. Shemeji kaondoka katikati.

Alhamisi, Aprili 24

Kaka karudi.

Niandike vizuri. Nilikuwa naingia nyumbani na mvua, nikakuta mtu kajibanza chini ya upenu, mkoba begani, kavaa koti la kiraia lisilo lake. Nikadhani kajikinga mvua. Nikamwambia, "Bwana, sogea kidogo, unaziba mlango."

Hakusikia. Nikarudia. Akageuza kichwa kuleta sikio la kulia, akasema, "Ndivyo mnavyokaribisha watu siku hizi?"

Amekonda. Kichwa kimenyolewa na kuna kovu juu ya sikio la kushoto, na hilo sikio limekufa. Sauti yake inakwaruza kama mlango unaoburutwa kwenye saruji. Nikamkumbatia, akawa mgumu kama nguzo, kisha akanipigapiga mgongoni, kama mtu anayekumbuka jinsi inavyofanywa.

Mama alianguka magotini palepale jikoni, mwiko mkononi. Shemeji aliporudi kutoka kazini alimshika mkono wa koti, asimkumbatie wala asimwachie. Tukamwita Kijino.

"Njoo umsalimie Baba."

Kamwangalia kutoka viatuni hadi kichwani. "Shikamoo mgeni."

"Huyu si mgeni. Huyu ndiye Baba."

"Baba yuko," kasema, akaonyesha ubao. "Nafasi yake ina mtu."

Tukacheka. Mimi nilicheka kwa nguvu kuliko wote. Kaka naye akacheka, akachuchumaa mbele yake. Kijino akamsogelea uso kwa uso, akamwamuru, "Sema."

"Niseme nini?"

Akatikisa kichwa taratibu. "Baba hasemi hivyo."

Kaka akatoa kwenye mkoba kopo la biskuti. Mtoto ana adabu, kalipokea kwa mikono miwili. "Asante, mgeni." Kaenda nalo ubaoni, na biskuti ya kwanza kaiweka mbele ya askari. Shemeji ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Kaka alikula amesimama, mgongo ukutani, jicho mlangoni. Mama akamsogezea kiti. "Kaa basi, baba."

"Nimekaa sana kwenye lori," akasema.

Jumamosi, Aprili 26

Nimejaribu kulitengeneza jambo hili, maana mimi ndiye niliyelitengeneza. Nilitoka nyuma ya pazia, nikasimama mbele ya Kijino, nikasema kwa ile sauti nzito, "Umeona? Ni mimi. Siku zote ni mimi ndiye ninayesema."

Kacheka mpaka machozi. "Baba Mdogo anamuigiza Baba."

Kaka alikuwa mlangoni. Bado hajakaa. Shemeji anasema hata kitandani anaegemea ukuta. Mlango ukigongwa anashika kiunoni, mahali pasipo na kitu. Kijino akipita karibu yake anapita upande upande, kama mtu anayepita kando ya shimo.

Jumatatu, Aprili 28

Mama kaamua. "Kitoeni hicho kitu humu ndani." Asubuhi, Kijino akiwa anaoga, nikamtia askari mfukoni, nikaenda kumficha sokoni chini ya marobota. Nikaona ni mkakati. Jenerali gani asiye na mkakati.

Niliporudi nilisikia kilio cha Kijino nikiwa bado barabarani. Hajala. Kamuuliza mpishi, kamuuliza dereva, kapindua lori. Mwisho kamwendea Kaka, mara ya kwanza kumwendea kwa hiari yake, kamvuta suruali. "Mgeni, nisaidie kumtafuta Baba."

Nikamkuta Kaka amelala kifudifudi sakafuni, tochi mkononi, nusu ya mwili chini ya kitanda. Kijino kachuchumaa pembeni, anamwonyesha. "Angalia na huko nyuma." Na Kaka anaangalia. Akatoka na vumbi kichwani, akamwambia, "Huku hayupo." Akaingia chini ya kabati.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono kichwani. Nikashindwa kuingia. Nikasimama mvuani mpaka nikalowa vizuri.

Jumanne, Aprili 29

Kaka kaja sokoni. Shangazi kamkaribisha sanduku la kukalia, kashukuru, kabaki wima. Akaanza kuangalia askari wangu mezani, mmoja mmoja. Nami, kwa mazoea ya mdomo huu, nikaanza kunadi: huyu viungo vyake ni imara, huyu rangi haitoki.

"Huyu akipiga risasi hivi atavunjika bega," akasema. Akamwinua yule wa kifua cha kabati. "Na huyu hatafika mbali. Anaonekana kutoka kokote." Akamrudisha chini polepole. "Umemficha wapi?"

Nikamtoa. Kaka akamkunja magoti, akamkunjua. Mvua ilikuwa inapiga turubai, ikabidi anisogezee sikio lake zima.

"Kwa nini ulimchagua huyu?"

"Anaweza kukaa."

Akamkalisha kwenye kiganja, akamtazama mpaka Shangazi akajifanya ana kazi mahali pengine.

"Mimi siwezi," akasema. "Nikikaa nasikia vitu."

"Kaka, mtoto atazoea. Mpe muda tu."

"Muda nilionao ni huu wa likizo. Ule mwingine wote kapewa huyu." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenizaba kofi. "Mrudishe. Mkimtupa, mtoto atakuwa amefiwa na baba, na mimi sitakuwa nimeongezeka kitu."

Tukarudi naye, askari mfukoni mwa Kaka. Kijino alimpokea, akambusu kofia, akamgombeza. Kisha akamwambia Kaka, "Asante kumleta, mgeni." Kaka akaitikia, "Haya, mama."

Alhamisi, Mei 1

Asubuhi, kabla Kijino hajaamka, Kaka kaja nyuma ya pazia langu. "Nisogezee nafasi." Tukabanana pale kwenye godoro, yeye amesimama, mimi nimekunja miguu.

Kigoda kikasikika. "Shikamoo Baba."

Kaka ndiye aliyeitikia. "Marahaba, mwanangu."

 Bata akaburuzwa kidogo, akasimama.

"Baba, koo linauma?"

"Linauma. Kidogo."

"Ulinyeshewa?"

"Nilinyeshewa sana."

"Pole." Tukasikia miguu inakimbia jikoni na kurudi, kijiko kikigonga kikombe. Alikuwa anamnywesha. "Usiongee kwa nguvu, litakauka. Ulipopotea ulikuwa wapi?"

"Mbali."

"Uliogopa?"

"Ndiyo," Kaka akasema.

Mimi nimelala chumba kimoja na kaka yangu utoto wote. Nimemuona akipigana na wakubwa kwa ajili yangu. Neno hilo sijawahi kulisikia mdomoni mwake. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa pazia, nikaogopa mtoto ataona vidole.

"Mimi namuogopa mgeni," Kijino akasema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini?"

"Anasimama tu."

"Usimuogope. Anakupenda."

"Ataondoka lini?"

Nikamtikisia kichwa, nikamshika mguu, nikamwomba kwa macho asijibu. 

"Karibuni," akasema.

"Haya. Pumzika sasa, Baba." Akamfunika na kitambaa, akaenda kucheza barazani.

Nikamwambia, "Toka, Kaka. Mfuate sasa hivi. Kaongea na wewe, si na mimi. Mmeongea vizuri."

"Nikitoka hapa," akasema, "nitakuwa mgeni." Akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, akakaa, pale kwenye godoro langu, nyuma ya pazia, na hakutoka mpaka Shemeji alipokuja kumtafuta.

Ijumaa, Mei 2

Kaondoka leo, likizo haijaisha. Shemeji alimkunjia nguo bila kumsihi. Nilidhani atalia. Alikuwa anakunja tu, kola juu ya kola, kama za dukani. Mama kafunga mlango wa jikoni na hakufungua.

Nilimsindikiza hadi kituoni. Nikajaribu utani, hakuna uliotoka. Yeye ndiye aliyeongea.

"Endelea kumsemea. Ila usimfanye mcheshi mno. Mimi sikuwa mcheshi."

"Kaka, nitamwambia ukweli. Kidogo kidogo nitamwambia."

"Una sauti nzuri kuliko yangu," akasema, akapanda.

Msimu mzima nimekuwa nikijisifu hivyohivyo. Leo nimesifiwa na mwenyewe, nikatamani niwe bubu.

Jumamosi, Mei 3

Mvua imekatika. Niliamka na nia ya kutosema neno. Nikalala macho wazi nyuma ya pazia, ngumi mdomoni.

Kigoda. "Shikamoo Baba."

Sikujibu. Akarudia. Akangoja. Kupitia upenyo nilimuona Shemeji kasimama na kikombe chake, anaangalia pazia, si ubao. Mtoto akashuka kigodani, akamsogelea askari karibu kabisa, na mdomo wake ukaanza kupinda kama siku ile ya picha.

"Baba? Bado unaumwa?"

Shemeji akanitikisia kichwa. Sikujua anakataa au anaomba. Nikatoa ngumi.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Umeamkaje?"

Uso wake ulifunguka wote. "Koo limepona?"

"Limepona."

"Afadhali," akasema, akamsogezea biskuti.